Salamu za Mwaka Mpya kutoka Lubumbashi

Ndugu na jamaa wapendwa,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Hapa Lubumbashi mvua inanyesha, maembe yamejaa sokoni, na watoto wanapita mlango kwa mlango wakiita "Bonane!" ili wapewe chochote.

Jana usiku, baada ya ibada, vijana walishikana mikono wakaimba ule wimbo wa kuagana ambao maskauti wetu huuimba kwa maneno ya Kifaransa ya padre Mjesuiti Jacques Sevin. Wengi hudhani ni wimbo wa Ufaransa, kumbe asili yake ni Uskoti, kwenye shairi ambalo Robert Burns, mtoto wa mkulima, alilipeleka kwa mchapishaji mwaka 1788, na baadaye akaeleza kwamba aliyaandika maneno yake akimsikiliza mzee mmoja akiimba. "Auld Lang Syne", ndilo jina la wimbo huo, si Kiingereza cha vitabuni. Ni Kiskoti cha watu wa shamba, na Waingereza wenyewe hukiimba kila mwaka, wengi wao bila kukielewa vizuri.

Mshairi Claude McKay, aliyezaliwa Jamaika mwaka 1889, naye alitoa diwani mbili mwaka 1912 katika lugha ya watu wa kwao, iliyodharauliwa kuwa ni Kiingereza kilichoharibika, akafananishwa na Burns. Alipohamia Marekani alitunga mashairi kwa Kiingereza sanifu, lakini riwaya yake ya mwaka 1929 juu ya mabaharia weusi wa Marseille, iliyojaa usemi wao wa bandarini, ilisomwa kwa Kifaransa na washairi Aimé Césaire na Léopold Sédar Senghor walipokuwa vijana Paris.

Ninawaandikia haya kwa Swahili bora, kama tunavyoiita, nami naona haya kidogo, kwa kuwa nyumbani sisemi hivi. Tumezoea kuwaomba Watanzania radhi, kana kwamba Kiswahili cha mitaa yetu ya Kamalondo na Katuba, chenye Kifaransa na Kibemba ndani yake, hakistahili kalamu.

Basi zawadi ninayoiomba sikukuu hii ni majibu yasiyosahihishwa: niandikieni jinsi mnavyosema mkiwa mnakula bukari, yaani ugali, na "batu" na "bintu" zenu zote. Mdogo wangu wa Kipushi, ambaye huniandikia kwa Kifaransa akiogopa makosa, ndiye ninayemsubiri kwanza.