Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: tusimpandie miti chiriku wa Kipengere

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, naandika kumwombea ndege ambaye sidhani kama jina lake limewahi kusikika bungeni. Ni chiriku wa Kipengere, ambaye wataalamu humwita Crithagra melanochroa tangu Mjerumani Anton Reichenow alipomweleza kisayansi mwaka 1900. Anaishi kwenye milima ya Nyanda za Juu Kusini: Rungwe, Poroto, Kitulo, Kipengere, Njombe, hadi Udzungwa. Nje ya Tanzania hayupo. Simba wako Kenya, tembo wako Botswana, lakini huyu akitutoka hakuna jirani wa kumwazima.

Sura yake haiuzi kalenda. Ni wa kahawia, kifua kimejaa michirizi mizito, na hana ile manjano ya chiriku wengine. Chake ni mdomo, mnene na wa kikazi kweli. Ukibahatika kumkaribia akiwa anakula, utaona anavyoibana mbegu kwenye mfereji ulio ndani ya mdomo wa juu, anaizungusha kwa ulimi huku mdomo wa chini ukikaza, ganda linapasuka na kudondokea pembeni, kiini kinamezwa. Kufumba na kufumbua ameshika nyingine. Tena ndege wengi wadogo hulisha makinda yao wadudu, lakini jamii ya chiriku kwa kawaida hulea kwa mbegu: mzazi huzijaza kooni, hurudi kiotani, akazicheua kinywani mwa kinda. Nyasi na vichaka visipozaa, hana cha kupeleka nyumbani.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Chiriku huyu si wa katikati ya msitu mnene. Umtafute pembezoni, msitu unapoachana na nyasi, kwenye vichaka na magugu marefu. Ardhi ya namna hiyo kwenye makaratasi yetu huonekana pori lisilo na kazi, na ndiyo hiyo hupandwa misindano na miwati, ndiyo hulimwa viazi, na sasa parachichi nazo zinapanda mlima. Mkulima simlaumu, parachichi zinasomesha watoto. Ninachohofia zaidi ni kampeni za kupanda miti, maana zinakuja na nia njema na hakuna anayezihoji. Aliyebeba miche huona nyasi za asili kama upara unaotaka nywele. Misindano ikishakua, chini yake ni kivuli na zulia la majani makavu, na nyasi za kutoa mbegu zinabaki chache sana.

Kitulo tuliifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na hatukuifanya hivyo kwa sababu ya miti. Watu wanapanda zile kona 57 za barabara ya mlimani kutoka Chimala kwenda kuona maua yaliyoota kwenye nyasi. Kwa hiyo wizara yako inajua tayari kwamba nyasi ni mali. Imebaki kulisema hilo nje ya mipaka ya hifadhi pia.

Ninachoomba ni waraka kwa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na halmashauri za mikoa hiyo, usemao wazi kwamba miti ya kigeni isipandwe kwenye nyasi za asili wala ukingoni mwa misitu ya milimani. Uguse na moto, kwa sababu moto wa mwishoni mwa kiangazi unateketeza vichaka vile vile. Nawaomba pia TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, wamtaje chiriku huyu kwa watalii wa ndege, ambao husafiri mbali kufuata spishi isiyopatikana kwingine. Kwa sasa mabango yetu yote ni simba tu, kana kwamba nchi nzima ni Serengeti.

Miche husambazwa mvua zinapoanza, kuanzia Novemba. Waraka ukitoka kabla ya hapo utafaa. Ukitoka baadaye, mashimo yatakuwa yameshachimbwa.

Wako,
Mpenzi wa ndege, Nyanda za Juu Kusini