Kwa nini sikuweka kufuli

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ni joto tu linalotusumbua. Barua yako nimeipata, pamoja na ushauri wako wa mkato kuhusu zile seva zilizokuwa zinavuja memori: "Weka spinlock, mambo yaishe." Spinlock ni kufuli la kerneli, yaani kiini cha Linux: anayelisubiri halali, anazunguka tu hadi lifunguliwe. Sikuweka. Najua utanisuta, kwa hiyo bora nikueleze mapema.

Kwanza dalili. Zile seva zilikuwa zinakula memori polepole, na ukitazama orodha ya programu humwoni mlaji. Memori ikiisha, kerneli inatafuta programu ya kuua. Inapochagua, inapima memori ya programu, si ile iliyoshikwa na kerneli yenyewe, basi kila mara ikawa inaiua hifadhidata iliyojikalia kimya na kazi zake. Wenzetu wa hifadhidata wakalaumiwa bure. Kilichofichua mambo ni mstari mmoja wa /proc/meminfo, ule wa SUnreclaim, yaani memori ya kerneli isiyoweza kunyang'anywa: unapanda, haushuki. Nayo slabtop, programu inayoorodhesha vipande vya memori ya kerneli, ikaonyesha vile vya kmalloc-256 (vya baiti 256) vikizidi kadiri wateja wa mtandao wanavyoingia na kutoka.

Nikajenga kerneli yenye kmemleak. Unaijua, imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.31 la mwaka 2009, kazi ya Catalin Marinas. Inapekua memori na kuuliza juu ya kila kipande: kuna kielekezi, yaani anwani iliyohifadhiwa, popote kinachokionyesha? Kisipopatikana, kipande kinaingia kwenye ripoti pamoja na mlolongo wa funksheni zilizokiomba. Ni nzito, usiiache kwenye seva ya kazi. Ripoti zote zikanyooshea funksheni moja ya draiva ya kadi ya mtandao, ile kadi iliyokuja na draiva yake pembeni. Lakini kmemleak inakwambia kipande kilizaliwa wapi tu. Nani alikitelekeza, hilo utajitafutia.

Funksheni yenyewe imeandikwa kwa adabu kabisa. Angalia kama mteja ana rekodi ya takwimu. Kama hana, omba memori kwa kmalloc, hifadhi kielekezi. Mteja akiondoka, irudishe kwa kfree. Ukiisoma peke yake huoni kasoro. Nikazima programu ya ufuatiliaji ili nichunguze kwa utulivu, na uvujaji ukakoma palepale! Nilicheka mwenyewe ofisini.

Kumbe funksheni ile inaitwa kutoka pande mbili. Upande mmoja ni kazi ya draiva inayoanza mteja anapoingia. Wa pili ni faili ya /sys, mahali kerneli inapotolea taarifa zake, ambayo programu ya ufuatiliaji huisoma mara tu inapoarifiwa kwamba kuna mteja mpya. Tukio lilelile linaziamsha zote mbili, kwenye prosesa tofauti. Zote zinaangalia, zote zinakuta patupu, zote zinaomba memori. Ya kwanza inaandika kielekezi chake, ya pili inaandika juu yake, na kile kipande cha kwanza hakina tena anayekijua. Huko maabara programu ya ufuatiliaji haikuwepo, ndiyo maana hakuna aliyeona kitu. Ili nihakikishe, nilichomeka msleep (usingizi mfupi) kati ya kuangalia na kuhifadhi, na kila mteja akawa anaacha kipande nyuma. KCSAN, kifaa cha kerneli cha kunasa pande mbili zinazogombania data moja, nayo ikanitajia pande zote mbili, mstari kwa mstari.

Sasa kufuli lako. Ile kmalloc inatumia GFP_KERNEL, yaani ina ruhusa ya kulala ikisubiri memori ipatikane. Ukiwa umeshika spinlock, kulala ni marufuku. Kerneli yenye ukaguzi itakupigia kelele, na isiyo na ukaguzi inaweza kuganda. Utasema tutumie GFP_ATOMIC. Hiyo hailali, sawa, lakini inagusa akiba ya dharura na inakosa upesi memori ikibana, na yote hayo kwa ajili ya takwimu! Mutex, kufuli linaloruhusu kulala, ingefanya kazi, na ungeiweka nisingekugombeza. Ila ni kufuli kwa kila mteja, la kulinda jambo linalotokea mara moja tu maishani mwake.

Nilichofanya ni kuomba memori kwanza bila kushika chochote, halafu cmpxchg: weka kielekezi changu endapo nafasi bado ni NULL, yaani tupu. Ni hatua moja isiyokatika, kwa hiyo mshindi ni mmoja tu. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako: aliyechelewa anafuta kipande chake kwa kfree, kisha anatumia cha mwenzake. Na cmpxchg ikifaulu inahakikisha pia kwamba yaliyoandikwa ndani ya kipande yanatangulia kuonekana kabla ya kielekezi, ili msomaji asikute takataka. Kwenye kusoma niliongeza READ_ONCE, inayomlazimisha msomaji kusoma kielekezi mara moja tu, basi.

Tangu hapo SUnreclaim inapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Kiraka nimewapelekea waliotengeneza draiva. Wamejibu kwamba wamekipokea, hawakusema zaidi.

Nawe unazo kadi kama hizi, kwa hiyo zitazame. Upande wa kupokea pakiti nimeona sehemu nyingine zenye mtindo huohuo wa kuangalia kisha kuweka, sijazigusa bado. Hizo zinaendeshwa ndani ya softirq, yaani kazi za haraka za kerneli baada ya kifaa kuikatiza, ambako hakuna kulala wala mutex. Huko njoo na spinlock yako, nitakusikiliza.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Swahiba yako