Wasifu wa wajenzi na wasafiri usiwe kama risala ya msibani

MHARIRI,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Hivi karibuni msomaji mmoja alilalamika kwamba vijana hawawajui wazee waliofungua njia za bara na kuchora majengo ya miji yetu, akapendekeza wasifu zao ziandikwe. Namuunga mkono. Ila nina la kuongeza, maana nilifundisha historia sekondari hadi nikastaafu, na tangu hapo watu huniletea miswada niipitie kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa.

Miswada hiyo mingi ukiisoma unadhani umekaa kwenye turubai la msiba. Alizaliwa, akasoma, akaoa, akashika nyadhifa hizi na hizi, alikuwa mcha Mungu na mtu wa watu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Msibani hilo linafaa sana, kwani pale hakuna anayetaka maswali. Kitabu ni jambo jingine. Nimewahi kumaliza maisha ya mhandisi mzima bila kuambiwa alijenga daraja gani, ingawa nilielezwa vizuri sana jinsi alivyowapenda wakwe zake.

Chukua mfano wa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa mpaka Gujarat kule India, akaishi huko miaka mingi hadi bwana wake alipofariki naye akawa huru. Akarudi pwani yetu, na mwaka 1857 akaingia kwenye msafara wa wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke. Baadaye akasafiri tena na Speke, kisha na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871 kumtafuta mmisionari Livingstone, na mwisho na mvumbuzi Mwingereza Cameron, wakaondoka pwani ya Bahari ya Hindi mwaka 1873 na kutokeza Atlantiki mwaka 1875. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikamtunuku medali ya fedha na kumpa pensheni.

Mwandishi wa risala angetia nukta hapo. Mimi ningetaka aanzie hapo hapo. Kuongoza wapagazi, kazi aliyoishika misafarani, maana yake ni kupima posho kila siku, kujua hongo ya mtemi huyu, yaani ushuru wa kupita, ni mikono mingapi ya kitambaa cha merikani na yule anataka shanga za rangi gani, kulala jicho moja wazi ili wasitoroke na mizigo, kisha asubuhi kugombezwa na Mzungu mwenye homa. Nani alimfundisha Bombay kazi hiyo? Alihesabuje?

Tena kuna kisa cha Agosti 1858. Burton alibaki Kaze, ndiyo Tabora, afya yake ikiwa bado dhaifu. Speke na Bombay wakashika njia ya kaskazini hadi palipo Mwanza ya leo. Speke akaliona Ziwa Victoria, akarudi akisema hicho ndicho chanzo cha Mto Nile. Burton akakataa katakata, na moja ya hoja zake ilikuwa hii: Speke alimuuliza Bombay kwa Kihindustani cha kuungaunga, Bombay akayapeleka maswali kwa Kiswahili, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo ya kupokezana. Yaani ugomvi uliowatoa jasho mabingwa wa jiografia Uingereza, kwa sehemu ulining'inia kwenye ulimi wa huyu Myao wetu. Sijui mwandishi anatafuta mlango gani mwingine wa kuingilia maisha ya mtu.

Bombay hakuacha kitabu chake mwenyewe. Tunamwona kwa macho ya waajiri, nao hawapatani: Burton na Speke walimsifu, Stanley akamlalamikia mara kwa mara. Mwandishi mvivu huchagua mmoja wao na kumnukuu mpaka mwisho. Sifa ya mwajiri ni ya mwajiri, na lawama yake pia. Kabla ya kuipokea, uliza siku ile hali ilikuwaje. Chakula kilikuwa kimekwisha? Wapagazi walikuwa wametoroka usiku?

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, yeye aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni hazina. Lakini waliochomewa vijiji vyao hawakupewa kalamu, kwa hiyo mtu asiniletee mswada unaosema mzee alikuwa na maono makubwa ya biashara, halafu ukanyamaza.

Kwa wasanifu majengo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kazi zao tunapita chini yake kila siku na majina yao hatuyajui. Soko kuu la Kariakoo, lililokamilika mwaka 1975, lilichorwa na marehemu Beda Amuli, miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa wasanifu majengo, aliyesomea Israel. Moto ulipolishika Julai 2021 tulizungumza sana, na kwa haki, juu ya hasara za wafanyabiashara. Aliyelichora hakutajwa kwenye kijiwe chochote nilichopita. Sasa mtu akitaka kuandika maisha yake, asianze na shule ya msingi. Asimame pale sokoni atazame juu: zege limepindwa kama miavuli iliyosimama bega kwa bega. Anieleze kwa nini Amuli hakuweka paa bapa la kawaida. Maji ya mvua yanateremkia wapi? Mafundi walizifungaje mbao za kumwagia zege lenye mkunjo ule? Na kwa nini alichimba chini, kule Shimoni, badala ya kuongeza ghorofa?

Majibu ya maswali hayo watoto wa mzee hawanayo. Yamo kwenye michoro, vitabu vya malipo na barua za kuvutana na mkandarasi. Barua moja ya kuvutana ina faida kuliko risala nzima ya sifa. Bahati mbaya, baada ya arobaini chumba cha mzee husafishwa, na makaratasi yakauzwa kwa kilo kufungia maandazi. Wengine wenye majibu ni mafundi wenyewe, nao wanaondoka mmoja mmoja. Mwaka 1874 Horace Waller, akihariri shajara za mwisho za Livingstone, aliketi na watumishi wake Livingstone, Chuma na Susi, walioongoza safari ya kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakamfafanulia yaliyotokea njiani. Aliwafuata waliokuwapo. Sisi tunawafuata mashemeji.

Mhariri, gazeti lako lina safu ya michezo kila siku na sina ugomvi nayo, nami naisoma. Naomba nusu ukurasa kila Jumamosi kwa ajili ya jengo moja, barabara moja au msafara mmoja, pamoja na jina la aliyeuwaza na majina ya walioutekeleza. Miswada itakayoletwa nitaipitia bila malipo, isipokuwa ile inayoanza na "alikuwa mtu wa watu".

Mwalimu mstaafu wa historia,
Dar es Salaam