Berlin kwa baiskeli: mitaa ambako basi la watalii halisimami

Wageni wengi wanaotuandikia wameshawahi kufika Berlin. Walipanda basi la ghorofa, wakapiga picha Lango la Brandenburg, wakashuka kidogo penye kipande cha Ukuta, basi. Si vibaya. Lakini mtu aliyetoka Dar es Salaam, Tanga au Bujumbura ana mambo yake katika mji huu, na mengi yako kwenye mitaa ya kawaida ya makazi, hayana tiketi wala foleni. Kwa miguu utachoka kabla hujafika nusu. Ndiyo maana tunakwenda kwa baiskeli.

Chukua Wilhelmstraße. Kutoka langoni ni dakika chache. Namba 92 ni jengo la watu kuishi, na mbele yake kuna bango la maelezo. Zamani palikuwa na makao ya Kansela Bismarck, na humo, tangu 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani na Dola ya Uturuki yaliketi kupatana namna ya kuigawana Afrika. Hakualikwa Mwafrika hata mmoja. Wengi tumesoma shuleni kwamba mipaka yetu yote ilichorwa pale mezani. Sivyo hasa, mingi ilikatwa baadaye kwa mikataba ya wawili wawili. Ila kesho yake tu, 27 Februari, Kaisari Wilhelm wa Kwanza aliipa kampuni ya Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta makoloni Afrika Mashariki, hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Hapo huwa tunakaa muda mrefu, maana maswali hayaishi.

Halafu Makumbusho ya Elimu Viumbe, Invalidenstraße. Watanzania huulizia mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbwa kwao Lindi, kabla hata hatujafunga baiskeli. Yumo, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na waliomleta kwanza ni wapagazi: mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Suala la kumrudisha limeshafika bungeni kwetu Tanzania, na mbele ya mifupa yenyewe ubishi huwa mkali zaidi.

Kutoka hapo si mbali hadi Brunnenstraße 193, kituo ninachokipenda kuliko vyote. Chini, kwenye njia ya waendao kwa miguu, kuna jiwe dogo lenye bati la shaba, upana wake sentimita 10. Limeandikwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, akaja Berlin, akafundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza katika filamu. Wanazi walimfunga Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Basi lingepita juu ya habari hii kwa sekunde tatu.

Ukuta tunauona Bernauer Straße, nao hauhitaji maneno mengi kutoka kwetu. Kisha tunapanda kaskazini hadi Wedding, kwenye mitaa inayoitwa Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße. Picha hupigwa nyingi hapa! Barabara moja iliitwa Petersallee, kwa heshima ya Carl Peters yuleyule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 mji ulitangaza kuwa jina lile sasa ni la Peters mwingine, Hans, mpinzani wa Wanazi, kibao hakikubadilika. Ilibidi ifike Agosti 2024 ndipo sehemu yake ikaitwa Maji-Maji-Allee, na nyingine Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke wa Namibia aliyepinga ubaguzi.

Sasa, wasiwasi wa wengi: “Sijapanda baiskeli tangu nikiwa mtoto.” Berlin ni tambarare, tunakwenda polepole, na kabla ya kuondoka tunazunguka kwanza uwanjani. Cha kuzoea ni breki. Baadhi ya baiskeli za huku husimama ukikanyaga pedeli kinyumenyume, kwa hiyo aliyezoea kurudisha mguu nyuma huku akiserereka atashtuka. Ukitaka yenye breki za mikono tupu, sema mapema. Reli za tramu zivuke kwa kukata, usiende nazo sambamba, gurudumu litazama. Na wa Kenya, Uganda, Tanzania: hapa ni kulia! Wakongo, Warundi na Wanyarwanda hawapati shida hiyo. Kofia ngumu sheria haimlazimishi mtu, lakini sisi tunazo na tunakusihi uvae.

Ukiandika kuomba nafasi, tutajie urefu wa kila mtu ili tupange viti, na umri wa watoto, kwa sababu walio chini ya miaka minane kisheria hupita njia ya waendao kwa miguu, na hilo hubadilisha mwendo wa kundi zima. Usichague Jumatatu, makumbusho hufungwa. Safari inaishia Wedding. Aliyechoka atarudi kwa treni ya U6, baiskeli tutairudisha sisi.