Mdogo wangu, mwungwana si mwenye adabu

Mdogo wangu,

Ile sauti uliyonitumia Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu. Ya tatu nilikuwa jikoni nasubiri wali ukauke, nao ukaungua. Ulisema mchungaji wenu kafundisha Wagalatia sura ya 4, pale Paulo anapowalinganisha wana wawili wa Ibrahimu, Isaka wa Sara aliye mwungwana na Ishmaeli wa Hajiri aliye mjakazi: sisi ni watoto wa mwungwana, na mtoto wa mwungwana hujulikana kwa uungwana wake. Havai hereni, hasuki rasta, hakosi mfungo wa Jumatano. Anayekosa ni wa Hajiri, na wa Hajiri hufukuzwa. Halafu ukanyamaza kidogo, ukauliza: "Dada, sasa mimi ni wa nani?"

Ningekujibu kwa simu, ila mwaka huu wameniuliza jambo hilohilo watu wengine wawili. Naandika hadharani, na jina lako silitaji.

Tuanze na neno lenyewe, maana naona hapo ndipo mguu ulipoteleza. Siku hizi tukisema fulani ni mwungwana tunamaanisha ana adabu, anaamkia wakubwa, hana maneno na mtu. Lakini Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 tuliyokua nayo nyumbani, imelitumia kwa maana ya zamani ya huku pwani: mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Basi. Anaweza kuwa mkorofi kuliko mtaa mzima na bado akawa mwungwana. Soma Mwanzo 16 uone Sara alivyomtesa Hajiri mpaka mwenzake akakimbilia jangwani na mimba yake. Adabu iko wapi hapo? Paulo haisifu tabia ya Sara. Anataja hali yake tu: huyu ni huru, yule ni mjakazi, na kila mmoja amezaa mtoto.

Walioandikiwa walikuwa makanisa ya Galatia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wameamini bila kupitia kwa Musa na torati yake. Paulo alipoondoka wakaja walimu na neno tamu: imani yenu nzuri, lakini bado haijatimia. Tahiriweni, shikeni siku na miezi, ndipo mtakuwa wana wa Ibrahimu kweli. Mimi huhisi ni walimu hao walioanza kuitumia habari ya Sara na Hajiri: sisi wa Isaka, nyinyi msiotahiriwa mko nje pamoja na Ishmaeli.

Paulo anaipokea habari hiyohiyo na kuipindua. Kila Myahudi alijua kwamba Isaka ni babu yao, na kwamba torati walipewa wao pale mlima Sinai. Yeye anasema Sinai ndiyo Hajiri, na Yerusalemu ya wakati ule iko utumwani pamoja na watoto wake. Sara anampa Yerusalemu wa juu, "ndiye mama yetu sisi". Kwa masikio ya siku zile hilo lilikuwa tusi. Lakini ona linatupeleka wapi: katika barua hii, mtoto wa Hajiri si yule aliyeshindwa kushika amri. Ni yule anayetegemea amri imfanye mwana. Mchungaji wenu, na simvunjii heshima, ameushika mfano huu kichwa chini miguu juu.

Na kuna jambo dogo ambalo watu hulipita. Ishmaeli alitahiriwa akiwa na miaka 13, Isaka hajazaliwa bado. Ile alama waliyoidai wale walimu, mwana wa mjakazi ndiye aliyetangulia kuipata. Wala haikumfanya mwana wa ahadi.

Sasa maneno ya Paulo, kwamba Ishmaeli alizaliwa "kwa mwili" na Isaka "kwa ahadi". Ibrahimu aliahidiwa mtoto, miaka ikaenda, tumbo la Sara kimya. Ni Sara aliyetoa wazo la Hajiri. Kwa desturi za wakati wao haikuwa aibu, ilikuwa mpango wa watu wazima wenye haraka: tumsaidie Mungu. Ishmaeli akazaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86. Isaka alikuja miaka 14 baadaye, mama ana 90, baba ana 100, hakuna aliyeweza kusema ni jitihada zake. Wakamwita Isaka, yaani "anacheka". Kwa hiyo Ishmaeli hakuwa tunda la uasi, mdogo wangu. Alikuwa tunda la bidii.

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari lako. Nililiona ulipokuja msibani, ulipolisahau juu ya friji. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula: safu ya maombi ya saa tisa usiku, safu ya mfungo, safu ya sadaka. Siku ulizotimiza, tiki ya kijani. Siku moja umeandika kwa kalamu nyekundu, NIMESHINDWA. Nikatazama tarehe. Ni siku mtoto alipolazwa na malaria, ukakesha naye hospitali.

Sikukwambia kitu siku ile. Nililirudisha juu ya friji.

Kuna mahali mfano huu unaniuma, nisikufiche. "Mfukuze mjakazi na mwanawe", ambayo Paulo anayanukuu, ni maneno ya Sara, na Hajiri hakuulizwa kama anataka kuzaa. Mungu wa Mwanzo hakumtupa: alimfuata jangwani, na mtoto akapewa jina lenye maana ya "Mungu anasikia". Kwa hiyo aya hii mtu asiichukue kumpigia jirani Mwislamu, ambaye kwake Hajiri ni mama anayekumbukwa kila mwaka mahujaji wakienda mbio kati ya Safa na Marwa. Paulo mwenyewe ametahadharisha: "mambo haya husemwa kwa mfano". Hata hilo la mwana wa mjakazi kutorithi, lililo katika aya hiyohiyo, mtu wa Unguja wa karne ya 19 lingemshangaza. Kwao mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa huru na akirithi. Wana wanne wa Sultani Seyyid Said waliotawala Unguja baada yake, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote mama zao walikuwa masuria.

Ila pwani hiyohiyo ndiyo iliyotupa tafsiri nzuri kuliko zote ninazozijua. Wagalatia 5:1: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru." Alituandika! Bwana alipomwacha huru mtumwa alimwandikia hati, na watu wakasema fulani kaandikwa huru. Mwenye hati haamki kila alfajiri kuitafuta upya kwa kufagia uwanja vizuri. Na aya inaendelea: msinaswe tena chini ya kongwa. Kongwa hapa si ile wilaya unayoipita basi likitoka Dodoma kwenda Morogoro. Ni ule mti wenye panda waliofungwa nao shingoni watumwa wa misafara, kutoka bara mpaka pwani.

Sisemi uache kufunga. Mimi mwenyewe hufunga, na nikifunga huwa mkali, muulize shemeji yako. Mfungo wa mtu aliyekwisha andikwa huru ni chakula alichokiacha kwa hiari. Mfungo wa kutafuta hati ni kitu kingine, hata kama njaa ni ileile. Paulo alisema hivyo kuhusu tohara: kutahiriwa si kitu, kutokutahiriwa si kitu. Nami nasema hivyo kuhusu hereni.

Zako, zile za bibi ulizoniachia siku ile stendi, nimezifunga kwenye leso, zipo kwenye droo ya juu. Ukija Desemba utazikuta. Ukizivaa sawa, ukiziacha humo sawa. Mama anauliza mnakuja wangapi, ajue kuku.

Dada yako