Mzee aliyepotewa na kumbukumbu si mchawi

Mhariri, naomba nafasi gazetini mwako.

Bibi wa miaka 80 akikutwa alfajiri uani kwa jirani, hajui alikotoka, kanga imemdondoka, neno la kwanza mtaani ni "mwanga huyo, kaanguka na ungo". Kanda ya Ziwa maneno ya aina hiyo yameua vikongwe wengi. Wanaojiuliza kama ubongo wake unaugua ni wachache.

Utafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana maradhi haya ya kupotewa na kumbukumbu. Alzheimer ndiyo aina inayoongoza duniani, na haina tiba ya kuiponya. Hata hivyo mpelekeni hospitali kwanza: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na sonona navyo huvuruga akili, na hivyo vinatibika.

Nyumbani, acheni kubishana naye. Akimuulizia mume aliyekufa zamani, msimtangazie msiba upya kila jioni. Mwambieni awasimulie habari zake. Na yule anayemwogesha na kumlisha, mara nyingi binti mmoja huku kaka zake wakituma salamu tu, apokewe zamu.

Msomaji wako,
Tanga