Minazi ya Mikindani

Shangani, Mtwara
Jumapili jioni

Mtani wangu,

Salaam nyingi, na hongera kwa kupanda ndege hatimaye. Video yako uliyopiga kwa simu ukiwa ndani ya ndege nimeipata. Unauliza rafadha (yale mapanga yanayozunguka kwenye injini) ilivunjikaje vipande vipande na ndege ikaendelea kuruka? Haikuvunjika, mtani. Kwanza nikusimulie yaliyonipata, maana jambo hilohilo limenila elfu hamsini mwezi huu.

Nilikuwa na kazi ya harusi. Msafara wa bibi harusi unatoka Mikindani kuja mjini, mimi nimekaa kwenye Noah, dirisha wazi, simu mkononi, narekodi barabara kwa ubavuni. Usiku nafungua kazi kwenye kompyuta, nakuta minazi yote imeinamia upande wa mjini, na nguzo za umeme nazo zimelala vilevile, kama zimesukumwa na upepo mmoja. Baba wa bibi harusi alipoona akaniuliza, "Kijana, ulikuwa umekunywa? Hiyo minazi ni ya marehemu baba, naijua mmoja mmoja. Haijawahi kulala." Akakata hela.

Ukweli ni kwamba simu haifumbui jicho mara moja ikaona kila kitu kwa pamoja. Ile sensa yake ya ndani (si ile ya kuhesabu watu, ni sehemu inayopokea mwanga wa picha) inasomwa mstari mmoja baada ya mwingine, juu kwenda chini, kama unavyosoma gazeti. Kwenye simu nyingi kazi hiyo huchukua kama sehemu moja ya 30 ya sekunde. Ni kufumba na kufumbua, lakini Noah ikienda kilomita 60 kwa saa, katika muda huo imeshasogea zaidi ya nusu mita. Kwa hiyo makuti yamepigwa nikiwa hapa, shina limepigwa nikiwa pale mbele. Shina linaonekana limebaki nyuma, mnazi unalala.

Sasa rudi kwenye ndege yako. Ndege ya aina hiyo, Q400, ikiwa angani huzungusha rafadha yake kama mara 850 kwa dakika. Simu inaposhuka kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, rafadha imeshazunguka karibu nusu duara. Panga moja linakutwa juu, linakutwa tena chini likiwa kwingine, basi linatoka limepinda kama ndizi, na kipande kingine kinaelea peke yake hewani.

Nilidhani dawa ni kuongeza kasi ya shata, yaani kufupisha muda wa kupokea mwanga. Nikapandisha hadi 1/4000 ya sekunde: minazi ikawa mikali, kila kuti linahesabika, na bado imelala! Kila mstari unapigwa haraka, sawa, ila zamu ya kusomwa iko palepale.

Jaribu mwenyewe hapo barabarani mchana wa jua (ukijaribu pangaboi la sebuleni usiku utapata ukungu tu). Laza simu, piga bodaboda inayopita kasi: inaegemea nyuma na matairi yanakuwa mayai. Igeuze chini juu, inaegemea mbele. Ukiishika wima ndipo utacheka: bodaboda ya kwenda inarefuka, ya kurudi inafupika. Yule jirani yangu wa kituoni nimemfanya mnene kama gunia la korosho, kaniambia niifute.

Na si ugonjwa wa simu pekee. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kijana wa Kifaransa, Jacques Henri Lartigue, alipiga gari la mashindano kwa kamera yenye pazia la mwanya, unaopita ukiifunua picha kidogo kidogo. Gurudumu likatoka yai lililoinamia mbele, watazamaji wakainamia nyuma, kwa sababu alikuwa akiifuata gari na kamera. Picha hiyo ilimpa sifa. Mimi yangu imenipa deni.

Kwa picha za kawaida sasa nimezima ile hali ya kimya kwenye kamera yangu, maana humo sensa husomwa mstari kwa mstari kama ya simu, naacha shata ipige kelele zake. Kwa video nitakaa gari la mbele niwatazame wanaonifuata. Sony walitangaza kamera ya a9 III mwaka 2023, inayosoma sensa nzima kwa mpigo mmoja, ila kwa bei yake niuze mikorosho ya ukoo mzima.

Juzi nimepita tena Mikindani, simu chini juu. Minazi ileile ikalala upande wa pili. Nimemtumia mzee video zote mbili. Alama za buluu zimetokea, jibu bado.

Wasalaam,
Mtani wako